Chupa Saba Benchini

Jumatatu asubuhi fundi wa mashine ya kupiga picha za kichwa alizitoa chupa saba za majimaji ya kupimia kwenye friji, akatumbukiza kipimajoto. Digrii tisa. Zilitakiwa zifike ishirini, na hiyo ni kazi ya muda wa saa nne. Kama kawaida yao, chupa zikashuka mezani, zikatoka nje, zikakaa benchini na wagonjwa, maana korido ina jua. Watu wakasogea.

Siku hiyo fundi alikuwa kiguu na njia, dirishani, mlangoni, dirishani tena. Pale benchini alikuwepo dada yake, ameamka mkono wa kushoto hauna nguvu. Chupa ya nne ilikwenda moja kwa moja ikajilaza kwenye kiganja hicho.

"Hii ina baridi, mdogo wangu? Mbona sisikii kitu?"

"Ina baridi, dada."

Mashine ile hutazama maji yanavyotembea kichwani. Yakisimama mahali, hapo pana kiharusi. Chupa ndizo huifundisha mwendo. Maji baridi hutembea polepole. Ukiyaandika kuwa ya digrii ishirini, mashine hujiona yenyewe ndiyo mvivu, hujiongezea kasi, na tangu hapo hata maji yaliyosimama huyaona yanatembea.

Mkuu wa kitengo alikuja na kikapu, akaziokota chupa moja moja. Kwa ya nne alilazimika kukunjua vidole vya dada ndipo ikatoka.

"Mkuu, hazijapata joto."

"Na foleni huioni? Andika ishirini, kama siku zote."

"Yule ni dada yangu."

"Loo! Si ungesema? Basi tuanze na yeye," mkuu alisema kwa upole kabisa.

Fundi aliogopa, akaona na aibu, maana ishirini hiyo alikuwa ameiandika kwa miezi mitatu. Akaiandika tena, shingo upande.

Picha ilitoka safi. Dada akacheka, "Mnanitia presha bure," akaenda zake nyumbani akiburuta kandambili moja. Alizikwa Alhamisi.

Jumatatu iliyofuata chupa zilitoka kukaa benchini, ila ya nne iliacha nafasi pembeni yake. Mzee mmoja mwenye fimbo aliuliza kama anaweza kukaa hapo.

"Pana mtu," fundi alisema. Mzee akaomba radhi, akasimama ukutani.

Mkuu akaja na kikapu. Digrii kumi na moja.

Fundi akaandika ishirini.