Uzito wa Tsonka

Kila tarehe mosi, wahudumu wa wodi ya waliopooza hutia saini daftari la usalama kwa siku zote za mwezi, kisha hunywa kahawa. Daftari linasema kila asubuhi wamefundishwa: mgonjwa hunyanyuliwa na watu wawili, kwa winchi. Winchi yenyewe haipo, na mtu wa pili alishakwenda Ujerumani kutunza wazee wa huko.

Basi mhudumu Tsonka alinyanyua peke yake, na kila mgonjwa aliyenyanyuliwa naye alimwachia kilo zake kidogo. Mzee Grozdan, aliyekuwa na kilo mia na kumi na mbili, alimwachia nusu kilo kila alipogeuzwa. Mwili wa Tsonka ulibaki mwembamba vilevile, gauni la kazi lilelile, ila viti vya kantini vilimvunjikia, na mumewe alihamia kwenye kochi kwa sababu kitandani alikuwa akibingirikia upande wa mkewe. Mgongo ndio we acha tu: alilia akifunga viatu. Alichotaka ni kimoja, mtu wa kushika upande wa pili.

Vigae vya wodi vilipoanza kupasuka chini ya nyayo zake, uongozi ulimleta injinia Penev, mtathmini wa hatari kazini, kijana wa adabu zake. Alimpandisha kwenye mizani ya viazi ya jikoni: kilo mia tatu na kumi na nane. Akaandika. Akamuuliza kama hukunja magoti anaponyanyua. Hukunja.

"Mwanangu, andika basi kwamba niko peke yangu," Tsonka alimwambia.

"Fomu haina mahali pa hilo, mama. Na kwenye daftari mko wawili. Si umesaini?"

Alikuwa amesaini, mpaka tarehe thelathini.

Tathmini ilitoka baada ya wiki tatu, na muhuri juu. Hatari ilionekana kubwa mno, kwa sakafu. Mafundi walikuja na mihimili ya chuma wakaifunga chini ya wodi nzima, kazi safi isiyo na ubishi.

Siku mafundi walipoondoka, Tsonka alimkuta Grozdan ameporomoka nusu nje ya kitanda, mashuka yamelowa. Akamwendea sista mkuu, Dilyana, akamwomba walau leo amshikie miguu. Dilyana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wodi mbili na simu sikioni. Akaitazama ile karatasi ya tathmini.

"Mbona sakafu sasa inabeba tani nzima, dada Tsonka? Wewe hata nusu hujafika."

Tsonka akapiga hesabu, akaona ni kweli. Akarudi, akakunja magoti, akamkumbatia mzee na kumnyanyua. Sakafu haikutoa hata mlio.