Mke Mwenza wa Cherehani

Usiku wa jana niliota kwamba nimeoa.

Sina budi kueleza kwanza yaliyotokea mchana. Binti yangu Tatu, anayefanya kazi Morogoro, alinitumia kompyuta mpakato mpya kwa ajili ya biashara yangu ya kushona sare za shule. Alinieleza kwa simu kwamba walimu wakuu wa siku hizi hawataki bei iliyoandikwa kwa kalamu. Wanataka bei iliyopigwa chapa. Niliitoa kompyuta katika boksi lake kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi, na baridi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Herufi zake zilikuwa zimekaa ovyo, kama wanafunzi ambao mwalimu wao ametoka nje, na mimi niliyejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo cha watu wazima, nilidhani kiwandani wamekosea.

Kwa kuhofia vumbi, nilikitwaa kile kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu, ambacho miaka yote kimefunika cherehani changu, nikaifunika kompyuta. Cherehani nikakiacha wazi. Kisha nikalala.

Katika ndoto, kompyuta analetwa kwangu kwa vigelegele. Wanawake wa darasa la kisomo wamempamba kwa asumini. Mume wangu, Mzee Kibwana, anatembea mbele yao akiwa amebeba waya wa umeme juu ya mto. Bwana harusi ni mimi. Nimevaa kanzu ya Kibwana, na ninaona kwamba pindo lake linahitaji kupunguzwa.

"Mbona mwepesi hivi?" Kibwana ananinong'oneza. "Una hakika ndani yumo mtu?"

Nikamjibu kwamba wamo watu wengi, ila wamekunjwa. Jibu hilo lilimridhisha.

Kompyuta akafungua macho. Akanitazama kwa mwanga wa buluu, akaniomba neno la siri. Nilipokosa kuona sikio lake, niliinama nikamnong'oneza kwenye tundu la waya kwamba sipendi ubwabwa.

"Siri hiyo ni dhaifu," akasema kwa adabu. "Iwe na herufi kubwa na tarakimu."

Nikafikiri. Nikamwambia kwamba sipendi ubwabwa wa Bi Mwanahawa, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, na kwamba nimeula katika harusi 7 nikiusifu. Kompyuta akasema siri hiyo ni imara, akanifungulia.

Hapo nikasikia kikohozi cha chuma nyuma yangu.

Alikuwa cherehani. Miguu yake ilikuwa ile ile ya chuma na gurudumu lake lilikuwa pale pale, lakini alikuwa mwanamke wa makamo, na alikuwa amesimama kichwa wazi mbele ya wageni.

"Hongera, bwana," akasema. "Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza zamu."

Nilimhakikishia kwamba zamu zitakuwa za haki, usiku kwake na usiku kwa mwenzake.

"Na zawadi yangu?"

Kwetu, mwanamume akiongeza mke humpa mke mkubwa kitu cha kumtuliza moyo, doti ya khanga au bangili. Mimi sikuwa nimempa chochote. Nilikuwa nimemvua.

"Kitambaa changu kimemkaa vizuri bibie," akasema cherehani, akimpima kompyuta kwa macho kutoka juu hadi chini, kazi ambayo haikumchukua muda. "Ila kwangu kilikuwa na kitu cha kufunika."

Shauri letu likapelekwa kwenye baraza la usuluhishi, ambalo hukutana ndani ya kabati langu la vyombo. Mwenyekiti alikuwa pasi ya mkaa. Karani wake alikuwa yule jogoo mdogo wa chuma anayefunga kifuniko cha pasi. Tuliingia kwa kuinama.

Cherehani alieleza shauri lake bila kupandisha sauti. Alisema yeye ndiye aliyemsomesha Tatu, tangu darasa la kwanza hadi chuo, kwa sindano moja, tena mara nyingine butu. Alisema hakuwahi kuomba chakula zaidi ya tone la mafuta, na hata hilo mara ya mwisho alilipata kabla ya Ramadhani.

"Leo mtoto niliyemsomesha mimi," akamalizia, "ndiye aliyeniletea mke mwenza."

Mwenyekiti akafuka moshi kidogo. Akamgeukia kompyuta ili naye ajieleze, lakini kompyuta alikuwa amelala, kwa sababu hapakuwa na aliyemgusa. Jogoo akamdonoa. Kompyuta akaamka na kuuliza kama tungependa kuendelea pale alipoishia.

"Hujaanza," akasema pasi.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mke mkubwa apewe zawadi yake mbele ya watu; asipopewa, ana ruhusa ya kwenda atakakothaminiwa. Niliomba nafasi ya kufikiri. Nilipoinua kichwa, kiti cha cherehani kilikuwa kitupu, na nyayo za chuma zilielekea nje ya kabati na kuvuka barabara.

Ni asubuhi. Nimesimama mbele ya baraza ya Bi Mwanahawa, na cherehani wangu yuko chini ya mguu wake, anaimba. Nakiri kwamba sijawahi kumsikia akiimba hivyo kwangu. Kwangu hukwaruza. Kitambaa cha buluu kinapita mikononi mwa Bi Mwanahawa kama maji, nami ninakitambua: ni cha sketi za shule ya jirani, kazi yangu, ambayo nimeahidi kuikabidhi asubuhi hii.

"Karibu, mwenzangu," anasema Bi Mwanahawa bila kuinua macho. "Samahani, tuna kazi."

Hilo neno "tuna" liliniingia kama sindano iliyovunjikia kidoleni.

Nilimwambia kwamba kilicho chini ya mguu wake ni cha nyumbani kwangu. Alinijibu kwa upole kwamba hakumvuta mtu. Mgeni alipiga hodi, naye ana desturi ya kukaribisha wageni.

"Amenitia mafuta," akasema cherehani, bado anashona. "Kabla hata sijakaa."

"Mafuta gani?" nikauliza.

"Ya kopo jipya."

"Sehemu gani?"

"Kote," akasema cherehani.

Nikageuka niende zangu, nikiwa nimeazimia kuonyesha kwamba simhitaji, na hatua iliyofuata ikanifikisha katika uwanja wa shule. Wasichana wamepanga mstari wakiwa na mashati na shumizi tu. Ni kipupwe. Mwalimu mkuu ananyoosha mkono apokee mzigo.

Nikamfungua kompyuta, nikamwamuru ashone.

Akaonyesha sketi. Ilikuwa sketi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Marinda yake yalikuwa yamelingana, nayo ilizunguka yenyewe polepole ili ionekane nyuma. Nikamtembeza mbele ya mstari. Kila msichana aliitazama, akasema inapendeza, akaendelea kutetemeka.

"Ninaweza pia kuibadilisha rangi," akasema kompyuta.

"Wanaona baridi," nikamwambia.

Akafikiri kwa muda, kiduara kikizunguka usoni pake. "Kushona sijafundishwa," akasema. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, kwa kuwa mimi pia nimewahi kusimama mbele ya watu nikiwa na jambo ambalo sijafundishwa.

Nikambeba, nikavuka naye barabara. Bi Mwanahawa alikuwa anakata uzi. Wanawake wa darasa la kisomo walikuwepo, pasi alikuwepo, na jogoo wake. Mbele ya wote nikakivua kile kitambaa mgongoni mwa kompyuta, nikakikung'uta, nikamfunika nacho cherehani, nikakinyoosha pembe zote kama ninavyofanya kila jioni.

Gurudumu la cherehani likasimama.

"Na mimi je?" akauliza kompyuta. "Vumbi litaniingia."

Nikamwambia kwamba nitamshonea vazi lake mwenyewe. Watu wakatazamana, kwa sababu wote walielewa, kama nilivyoelewa nami baada ya kusema, kwamba vazi hilo haliwezi kushonwa na mwingine ila cherehani. Nilikuwa nimemwomba mke mkubwa amvishe mke mdogo, mbele ya fundi aliyemtia mafuta kote.

Bi Mwanahawa akatabasamu. Alishaona nimeshindwa.

Cherehani akauliza kutoka chini ya kitambaa:

"Vipimo vyake?"

Nikatoa futi shingoni mwangu, nikampima kompyuta, nikamsomea.

"Na kiuno?"

"Hana kiuno."

"Nilijua," akasema cherehani. Akainuka juu ya miguu yake ya chuma, akatangulia kwenda nyumbani.

Niliamka jua limeshatoka. Kompyuta ilikuwa mezani chini ya kitambaa, kama nilivyoiacha. Nilikiondoa kitambaa, nikakirudisha juu ya cherehani, na katika kunyoosha pembe mkono wangu uligusa gurudumu. Liliteleza. Nilitazama kidole changu: kilikuwa na mafuta mepesi, safi, ya aina ambayo mimi sinunui. Nilimuuliza Mzee Kibwana kama alikitia cherehani mafuta. Alisema hajui hata yanatiwa wapi.

Nikachukua ufagio, nikatoka barazani. Ng'ambo ya barabara Bi Mwanahawa alikuwa anafagia kwake. Tukasalimiana kama kawaida. Akaniuliza hali ya Mzee, nikasema hajambo. Akaniuliza hali ya Tatu, nikasema hajambo. Akajifuta vidole kwa upindo wa khanga.

"Na cherehani?"

"Hajambo," nikamjibu. "Amelala nyumbani."