Viigizi wa Shimoni

Ofisini walimwita Sikio, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Vinasa sauti vilivyofungwa kwenye miamba ya visiwa vya mbali, safari ya siku sita kwa meli, vilirudishwa vikinuka chumvi na kinyesi cha ndege. Naye aliketi katika chumba kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, akiandika ni saa ngapi, ndege gani, wangapi.

Ukutani palikuwa na ramani ya visiwa vitatu. Zamani vyote vilikuwa na pini za njano kuonyesha alikoishi kiigizi, ndege wa kahawia asiyeruka, mkubwa kama ngumi, asiyepatikana penginepo duniani. Jina alilipata kwa tabia yake: aliiga kila alichosikia, na makinda yalijifunza kwa wakubwa wao. Kisha meli moja ikavunjika mwambani, panya wakashuka. Pini ziling'olewa kisiwa baada ya kisiwa. Ya mwisho iliondolewa miaka tisa iliyopita, mwaka uleule alipopotea mjomba wake Sikio.

Mjomba alikuwa mlinzi wa kisiwa cha tatu, peke yake na mitego yake ya panya. Meli ya kumletea chakula ilikuta mlango wa kibanda wazi, sufuria jikoni, mwenyewe hayupo. Wakatafuta siku mbili, wakaandika kwamba amechukuliwa na mawimbi. Mama yake Sikio hakukubali hata siku moja.

"Kaka yangu alikuwa anaogopa maji kama paka," alisema. "Baharini alifuata nini?"

Jumanne moja asubuhi Sikio alikuwa anasikiliza kinasa cha saba, cha kisiwa cha tatu, chai imempoa pembeni. Upepo. Mawimbi. Ndege wa baharini wakigombana. Halafu mtu akakohoa.

Akarudisha nyuma. Kikohozi, kimya, kisha sauti ya mwanamume, nyembamba, kama inatoka ndani ya chupa: "Nipo huku chini."

Kikohozi kile alikijua. Utotoni alikisikia nyuma ya kila mlango wa nyumba yao. Sauti ikarudia. Ya pili ikaipokea, na ya tatu, zikipishana, "Nipo huku chini, nipo huku chini," kana kwamba mtu mmoja amegawanyika.

Alimwita mkuu wa kitengo, mzee mkavu asiyeamini kitu mpaka akihesabu mwenyewe. Mzee alisikiliza amesimama, kisha akavuta kiti.

"Kinasa hiki kiliwekwa lini?"

"Mwaka jana, mzee."

"Basi si mjomba wako."

"Najua si yeye. Ni viigizi, wapo hai. Lakini mzee, kiigizi habuni maneno."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, asiivae tena. "Na hawa ni wajukuu wa waliomsikia," akasema polepole. "Maana yake aliyasema mara nyingi sana."

Wiki tano baadaye Sikio na wenzake wa kitengo walishuka kisiwani, jua likiwaka, majani mabichi yakimetameta. Hakikuwa mahali pa kutisha, na hilo ndilo lililomkosesha raha Sikio. Nahodha aliishia kibandani. "Mimi naendesha meli," alisema. "Mambo ya ardhi inayoongea siyawezi."

Waliongozwa na sauti. Ilitoka chini ya miguu yao, penye vichaka vizito nyuma ya mwamba. "Nipo huku chini." Kabla hajafikiri, Sikio akajikuta anaitika:

"Mjomba! Tumefika!"

Shimo lililojificha vichakani likaitika lote kwa pamoja: "Nipo huku chini."

Kina chake kilipita urefu wa watu watatu, kuta laini kama kioo, hata panya asingepata pa kushika. Shinani mwa mti wa ukingoni palikuwa na kipande cha kamba iliyokatika. Sikio aliteremshwa taratibu kwa kamba mpya. Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, mifupa ndani ya koti la mvua, mfupa wa paja umevunjika. Kando yake palikuwa na kizimba cha waya, mlango wake umefunguliwa na kufungwa uzi usijirudie. Hapo akaelewa: alikuwa anawashusha ndege wa mwisho mahali panya wasikofika, kamba ikamsaliti, naye akawafungulia.

Sasa walikuwa kumi na tisa. Walitembea juu ya viatu vyake bila hofu, na mmoja alikuwa ameatamia ndani ya kofia yake. Walipomaliza kumkusanya kwenye turubai, ndege mmoja alisogea pale palipobaki wazi, akasimama, akakohoa.

Walimzika nyumbani. Siku chache baadaye mama alikuja ofisini, akaomba kusikia. Akavaa hedifoni, mikono mapajani, asitikisike mpaka mwisho.

"Alikuwa anamwita nani?"

"Yeyote, mama."

"Basi waambie tumeshamchukua."

"Mama, wale ni ndege."

"Si wanaiga? Waambie."

Kisiwa cha pili kilikuwa kimesafishwa panya, na ilipangwa nusu ya viigizi wahamishiwe huko. Mkuu alimuuliza Sikio kando, kwa kuwa yeye ndiye mwenye msiba, kama wachukue mayai tu, makinda yasiwasikie wakubwa, ili maneno yale yaishie shimoni. Sikio akakataa. Alienda na timu, na kwa wiki tatu kila asubuhi alishuka kwa kamba, akapiga magoti, akasema, "Tumeshamchukua." Aliona haya, kama mtu anayezungumza na ukuta. Ndege waliinamisha vichwa upande, wakamtazama. Hakuna aliyeliiga neno. Tisa wakasafirishwa, wakafunguliwa, wakapotelea nyasini kwenye makao yao mapya.

Kanda za kwanza kutoka kisiwa cha pili zilifika mwaka uliofuata. Sikio alisikiliza saa tatu za upepo. Kisha kinda, sauti bado haijakomaa, likasema kwa sauti ya Sikio mwenyewe: "Tumeshamchukua."

Kutoka mbali, ng'ambo ya majani, kiigizi aliyekomaa akalijibu: "Nipo huku chini."

Likasema tena. Akajibu tena. Waliendelea hivyo mpaka betri ilipokwisha. Sikio aliomba likizo ya siku tatu, akaenda kukaa kwa mama yake.