Saa za Gunia la Mashudu

Haya wajukuu, nifumbulieni hiki: pacha wamezaliwa kwa uchungu mmoja, wa kwanza kaambiwa kabeba uchungu wote na ziada, wa pili kaambiwa anadaiwa uchungu. Mama yao nani?

Mmeshindwa? Ni mashine ya kukamua alizeti. Hutoa mafuta na mashudu, makapi ya kulishia kuku, kwa mkupuo mmoja.

Wanangu walikuwa na mashine mbili, kuukuu na mpya. Mkubwa alikinga mafuta, mkewe akizoa mashudu na kuyatia guniani. Mwisho wa msimu kila mtu alikuwa akigawiwa mafuta kwa saa za kazi zilizomo ndani ya alichotoa. Mkwe wangu alikuwa akilingojea debe lake kwa hamu, aanze kukaanga viazi vyake mwenyewe.

Akaja mdogo mtu, tuliyemwita Mahesabu, na chaki yake. Kuukuu kwa saa nne inatoa debe na gunia. Mpya kwa saa tatu inatoa debe na magunia mawili. Gunia limeongezeka, saa imepungua! Basi kila gunia la mashudu lina saa moja chini ya sifuri, na debe lina saa tano. Tukahesabu mpaka vidole vya miguu, hatukuona kosa.

Kumbe mkwe wangu msimu mzima alikuwa akifuta kazi ya wenzake. Debe hana. Akauliza taratibu, "Shemeji, mbegu inajuaje saa ipi ni ya mafuta na ipi ya mashudu?"

Mahesabu akasema hilo baadaye, akaagiza godoro. Mwenye kazi ya chini ya sifuri, akilala ndiyo anazalisha.

Akalala kweli. Mumewe akampepea. Jirani mfuga kuku akauliza, akinunua magunia kumi atarudia usichana?

Mashudu yasiyozolewa yakaziba mdomo wa mashine, mafuta yakakatika, mashudu yakamfika Mahesabu kifuani. Akambembeleza shemejiye aamke, atampa nusu debe.

"Hujanijibu," akasema mkwe wangu, jicho hajafungua.

Mahesabu akaitupa chaki.

"Mbegu haijui, shemeji. Ni mimi niliyeigawia. Amka uchukue debe lako."