Madoa Mgongoni mwa Mtoto

Mtoto alianza kutoka madoa ya kahawia mgongoni, na mama yake, fundi cherehani, akaanza kumtazama wifi yake kwa jicho la pembeni. Wifi ndiye aliyeshinda na mtoto mchana kutwa. Jioni, fundi alipomvua mtoto nguo, aliyakuta madoa yamevimba, mekundu, kama mtu katoka kumfinya sasa hivi.

"Wifi, huyu kafanywa nini?"

"Nimemwogesha tu."

"Kuogesha gani huku kunakoacha alama?"

Wifi akageuka kuanika taulo, na hilo likamkera fundi zaidi. Mumewe alipomtetea dada yake, alijibiwa kikulacho ki nguoni mwako. Fundi akawa anarudi nyumbani ghafla, akisingizia kasahau mkasi, ananyata hadi dirishani. Alimkuta wifi akimwimbia mtoto. Hata hilo akalitilia shaka: "Kanisikia nikija."

Mwishowe akambeba mtoto hospitali, apate ushahidi. Wifi aling'ang'ania kufuatana nao. Muuguzi alipoyaona madoa, alimgeukia fundi mwenyewe.

"Mama, nyumbani nani anavuta sigara? Haya yanafanana na alama za kuchomwa."

"Hakuna!" fundi akasema, na muuguzi akawapeleka kwa daktari wa ngozi.

Daktari hakuuliza mengi. Alichukua kijiti, akasugua doa moja taratibu. Doa likawa jekundu, likavimba mbele ya macho yao.

"Hakuna anayemfinya," akasema. "Chembe fulani za kinga zimejazana kwenye ngozi yake. Zikisuguliwa, au akiogeshwa maji ya moto, zinamwaga kemikali. Ugonjwa huu tunauita mastositosisi. Kuna wanaotoka uvimbe mmoja tu, kuna ambao ngozi nzima hushikwa. Wake ni wa madoadoa, ndio tunaouona zaidi. Tutakata kipande kidogo cha ngozi tuhakikishe, na damu tuipime."

"Atapona?"

"Kwa watoto wengi hufifia wakikua. Ila akizimia au akihema kwa shida, mkimbizeni hapa. Na dawa za maumivu msimpe bila kuniuliza."

Nje, kwenye korido, fundi alitafuta maneno. "Wifi, mimi nili..."

"Najua. Mimi nilikudhania wewe. Ndiyo maana nimekuja, nisikie utamdanganya nini daktari."

Fundi akacheka bila kutaka. Wifi hakucheka.

Vipimo vilithibitisha. Wifi aliendelea kulea, maji yakawa ya vuguvugu, lakini ilichukua muda mrefu kabla hawajaacha kuchunguzana kila mmoja alipomvua mtoto shati.