Mapazia ya Bwana Pickersgill

Wakati wa korona, kila Alhamisi jioni mtaa mzima kule Barnsley, Uingereza, ulisimama milangoni kuwapigia manesi makofi na sufuria. Doreen hakutoka. Binti yake, Gwen, alikuwa nesi, na wodini alijifunika mifuko ya taka kwa kukosa mavazi ya kujikinga.

"Makofi yanavaliwa?" alimfokea jirani yake, Bwana Pickersgill, fundi cherehani mstaafu aliyegawa vipeperushi vya chama tawala kila uchaguzi. "Serikali yenu haina haya!"

Kesho yake Doreen aliona dirisha la jirani liko uchi, mwenyewe kainamia cherehani. Katikati ya wiki akakuta kifurushi mlangoni: magauni ya wodini, yameshonwa kwa mapazia ya buluu, rangi ya chama cha mzee.

Alhamisi Doreen alitoka na sufuria, akaipiga mpaka mpini ukalegea, macho kwenye mlango ule mmoja tu.

"Asante, jirani! Nakupigia wewe, si serikali yako!"

"Usiwapigie," alisema mzee, machozi yakimlengalenga. "Hao wakubwa wangu, mapazia yao bado yananing'inia."