Gitaa Jeupe kwa Amri

Katika shule yetu, kitu chochote kisichoweza kukimbia kilipakwa chokaa. Mawe ya kando ya njia, mashina ya miti, matairi mabovu yaliyopandwa maua, hata kisiki kimoja nyuma ya bweni ambacho hakikuwa kimemkosea mtu. Aliyeamuru haya alikuwa Makamu wa Mkuu wa Shule, mwanamke aliyenyooka kama rula, ambaye kwa heshima zote tulimwita Bi Chokaa akiwa mbali. Akiwa karibu tulimwita Mwalimu na kutazama viatu vyetu.

Natanguliza haya ili ieleweke kwamba gitaa la dada yangu lilikuwa matatani hata kabla halijaanza kuchuja.

Dada yangu huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Bweni zima lilimwita Msumari, kwa kuwa akishaingia mahali, kumng'oa ni kazi. Alikuwa kidato cha mwisho. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa mwaka mmoja wa masomo na miaka mingi ya adabu. Baba yake alikuwa mpiga gitaa wa bendi, na alipofariki aliacha gitaa la umeme jekundu lililokuwa limeanguka kutoka kwenye gari la vyombo. Shingo ilikuwa nzima, nyaya na sumaku zake zilikuwa nzima, lakini mwili ulikuwa umepasuka vipande vya kuwashia moto. Msumari akachonga mwili mpya katika karakana ya shule, muhula mzima, kutoka kwenye ubao wa meza iliyokwisha kustaafu. Alitaka jambo moja tu duniani: siku ya mahafali, mama yake akiwa mstari wa mbele, apige gitaa hilo likiwa jekundu kama baba yake alivyoliacha.

Rangi alipewa na mjomba wetu, fundi wa samani. Ilikuwa ya unga, inakorogwa kwenye spiriti, halafu mbao inainywa mpaka ndani na mistari yake inang'aa kama imewashiwa taa.

"Unga huu ni mzuri lakini una kiherehere," mjomba alituonya. "Ukipaka rangi nyingine juu yake bila kuziba kwanza, wenyewe unapanda juu kuchungulia."

Tuliitikia kwa adabu, kama watu wanavyoitikia maneno wasiyokusudia kuyakumbuka.

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Vanishi haijapakwa, sisi tumeshafunga nyuzi na kujifungia stoo ya bwalo kufanya mazoezi, Msumari kwenye gitaa, mimi kwenye dramu. Mle ndani mlikuwa na joto la kuivisha maandazi. Tulipotoka kengele ilikuwa imelia, tukakimbilia mstarini bila kujitazama, na Bi Chokaa, aliyekuwa akikagua kola, akasimama mbele ya Msumari na kupoteza rangi ya uso.

"Damu!"

Shati jeupe la Msumari lilikuwa jekundu kuanzia mbavuni hadi kiunoni.

"Sijaumia, Mwalimu."

"Mtu hatoki damu kwa kupenda! Mpelekeni kwa muuguzi!"

Muuguzi alipandisha shati, akakuta tumbo jekundu lisilo na hata mkwaruzo. Akalifuta kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikawa nyekundu. Akachukua nyingine, nayo ikawa nyekundu. Alimaliza nusu ya mfuko wa pamba kabla ya kutoa majibu ya uchunguzi.

"Mwalimu, huyu mtoto haumwi. Huyu mtoto anachuja."

Jioni ileile gitaa liliwekwa juu ya meza ya Bi Chokaa kama mtuhumiwa. Hakuweza kulizuia kabisa, maana Mkuu wa Shule mwenyewe alishaikubali bendi yetu kwenye ratiba. Lakini jukwaa lilikuwa mikononi mwake, na viti vya jukwaani, vitambaa, maua na hata ndoo ya maji ya wageni vilikuwa vyeupe.

"Jukwaani kwangu hakipandi kitu chekundu," alisema. "Hii ni rangi ya baa. Mtalipaka jeupe, au litakaa stoo mpaka mwenye nalo amalize shule."

"Mwalimu," Msumari akasema, "hilo lilikuwa la marehemu baba. Lilikuwa jekundu."

Bi Chokaa aliondoa mkono wake juu ya gitaa. Sitaki kumsingizia, aliuondoa kweli. Kisha akasema, "Marehemu hatakuwepo ukumbini. Mgeni rasmi atakuwepo."

Msumari aliyapokea maneno hayo. Nilimwona anayameza kama kidonge.

"Basi turuhusu tuzibe kwanza, Mwalimu. Karakana kuna rangi ya fedha, ile ya mabomba. Tusipoziba, nyekundu itapanda juu ya nyeupe."

"Unataka kulipaka gitaa rangi ya bomba?"

"Ni ya kuzibia tu, halafu juu yake..."

"Nimekuuliza maelezo? Mimi nataka jeupe. Mnapaka jeupe, linakuwa jeupe. Mwanafunzi hanifundishi kupaka."

Tulipotoka nje, Msumari aliniambia, "Umesikia? Hataki maelezo."

"Nimesikia, dada."

"Basi hatutampa tena hata moja."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuwa watiifu, na sijawahi kuona silaha kali kama hiyo.

Tulipewa rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka basi la shule, pamoja na tina ya kuilainishia. Tulipaka mkono wa kwanza wa rangi kwa unyenyekevu mkubwa, mbele ya kiranja. Gitaa lilikuwa jeupe kama jino la tangazo. Tulikwenda kula, tukarudi, tukalikuta lina rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.

"Mmechanganya nyekundu humu!" Bi Chokaa alifoka.

"Hatukuchanganya, Mwalimu," kiranja akajibu. Maskini alikuwa msema kweli na aliteseka sana kwa ajili hiyo.

"Pakeni tena. Nene zaidi!"

Tukapaka nene zaidi. Tina iliyokuwa kwenye rangi ikaenda chini, ikamwamsha yule mwekundu aliyelala kwenye mbao, ikapanda naye. Safari hii gitaa lilikuwa la rangi ya waridi iliyoiva, lenye mabaka, na ngozi yake ilijikunja kama utando juu ya maziwa ya moto. Ukingo wa plastiki unaozunguka mwili wake, tuliokuwa tumeukwangua kwa wembe hadi ukang'aa ulionekana kama midomo ya mtu aliyekula zambarau.

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Msumari hakucheka. Alipitisha kidole juu ya ile mikunjo, mahali alipokuwa amepiga msasa hadi mikono ikamtoka malengelenge.

"Wananiharibia kazi," alisema.

Nikaacha kucheka. Siku hiyo nilielewa kwamba mimi nilikuwa kwenye mchezo na yeye alikuwa kwenye msiba, na tulikuwa tumeshika brashi moja.

Siku moja kabla ya mahafali, Bi Chokaa aliamua kumaliza ubishi mwenyewe. Mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, aliweka gitaa juu ya meza, akakunja mikono ya blauzi, akachovya brashi. Alipaka kama anayempiga mtu. Akamwaga na tina zaidi ili rangi iteleze vizuri, na mimi na Msumari tukatazamana bila kutoa maelezo. Alipomaliza, gitaa lilimeremeta likiwa jeupe pepepe.

"Mnaona?" akasema. "Ni suala la nidhamu tu. Kuanzia sasa, gitaa hili ni jeupe. Na yeyote nitakayemsikia akisema vinginevyo atafyeka uwanja wa mpira peke yake. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!" shule nzima ikajibu.

Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikuwa nimependa sana ile amri.

Gitaa likafungiwa stoo. Kesho yake asubuhi tulipofunguliwa, lilikuwa limelala pale kama kiungo kilichotoka mwilini: jekundu kabisa sehemu za kati, waridi pembeni, bichi bado, likinata. Kitambaa lilichofunikwa nacho kilikuwa kimeacha alama ya kila uzi wake.

Msumari akakaa juu ya ndoo.

"Basi," akasema. "Nitaimba bila gitaa."

"Dada, funga nyuzi."

"Akiliona mlangoni, atalitupa."

"Kwa kosa gani? Mimi naona gitaa jeupe."

 Yule mtu ambaye hakucheka wiki nzima akaanza kutabasamu upande mmoja, na akanyoosha mkono.

"Lete nyuzi."

Habari ikatutangulia. Sijui nani aliisambaza. Nilikuwa nimewaambia watu wa mabweni yote tu. Tulipofika mlango wa nyuma wa ukumbi, Bi Chokaa alikuwa amesimama hapo, na kucha zake zilikuwa za waridi kwa kazi ya jana. Kwaya ilikuwa imepanga mstari kando yake, ikisubiri kuingia.

"Hicho ni nini?"

"Gitaa jeupe, Mwalimu," Msumari akajibu.

"Jeupe? Hili?"

"Jeupe sana, Mwalimu," akasema msichana wa kwanza wa kwaya, macho mbele.

"Linaumiza macho kwa weupe," akasema wa pili.

"Nimelisogelea nikadhani ni theluji," akasema wa tatu, ambaye hajawahi kuona theluji.

Bi Chokaa akamgeukia kiranja, yule msema kweli.  "Wewe. Hili ni la rangi gani?"

Kiranja aliangalia gitaa. Akaangalia uwanja wa mpira, ambao ulionekana kutoka pale mlangoni, na nyasi zake zilikuwa zimefika magotini.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mimi uwanja ule siuwezi."

Wakati huo Mkuu wa Shule akatoka ndani na ratiba mkononi. "Makamu, mgeni amekaa. Bendi iko tayari? Lile gitaa uliloniambia umelipaka mwenyewe ndilo hili?"

Hapo nilimhurumia Bi Chokaa, karibu sekunde nzima. Akisema ni jekundu, amelipaka yeye, na hakuweza. Akisema ni jeupe, linapanda jukwaani.

"Nimelipaka," akasema hatimaye. "Ni jeupe."

Mkuu akalitazama gitaa. Akamtazama Makamu wake. Akakunja ratiba. "Haya," akasema. "Waingie."

Sitasimulia tulivyopiga, kwa sababu dramu ndizo zilizokuwa bora na sipendi kujisifu. Nitasema tu kwamba Msumari alipiga wimbo ambao baba yake alizoea kufungia usiku wa dansi, na wala hakuupunguza sauti kwa ajili ya mgeni rasmi. Joto la ukumbi likalainisha rangi. Kila mkono wake wa kulia ulipopita, ulibeba ngozi kidogo ya rangi ya basi, mpaka ukafunguka mwanya mpana kama kiganja, na ndani yake mbao ikaonekana: nyekundu safi, mistari yake ikiwaka. Shati lake nalo likachafuka, mbavuni hadi kiunoni. Hakuna aliyemwita muuguzi.

Makofi yalipokwisha, mama mkubwa alifanya jambo lisilokuwa kwenye ratiba. Aliinuka mstari wa mbele, akapanda jukwaani, akaweka kidole gumba kwenye ule mwanya. Hakulia. Mama mkubwa si mtu wa kulia mbele ya watu wenye kamera.

"Nani amelipaka uchafu huu?" akauliza, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Lilikuwa la rangi gani hili, kabla hamjalivuruga?"

Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Shule nzima ilikuwa chini ya amri. Msumari akafungua mdomo, na mimi nikaona cheti chake kikiwa bado mezani, chini ya mkono wa Bi Chokaa. Changu kilikuwa mbali mwaka mzima. Nikasogelea kipaza sauti kabla yake.

"Jekundu, mama mkubwa. Lilikuwa jekundu tangu mwanzo, na hata sasa ni jekundu."

Nikamtazama Bi Chokaa usoni, si viatuni. Alinyoosha kidole, akaonyesha dirisha, uwanja, nyasi.  Mimi nikainamisha kichwa, kama shujaa anayepokea nishani.

Jina la Msumari lilipoitwa, alikwenda na gitaa likiwa bado shingoni. Akapokea cheti kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia, wenye rangi, akampa Bi Chokaa.

"Jumatatu ulilete ofisini lipakwe upya," Bi Chokaa akamwambia akiwa amebana meno.

"Jumatatu mimi si mwanafunzi wako, Mwalimu," Msumari akajibu, na akaushika ule mkono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Nilifyeka uwanja mzima peke yangu. Wasichana walipita wakiniuliza rangi ya nyasi, rangi ya mbingu, rangi ya fyekeo, na kila mmoja nilimjibu kweli tupu. Msumari alikuwa ameshaondoka na mama yake na gitaa, kwenda kwa mjomba kulikwangua lote na kuanza upya, safari hii kwa subira na vanishi. Aliniachia unga mwekundu uliobaki, kijiko kimoja hivi, kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka.

Uwanja ulipokwisha nilikwenda nyuma ya bweni, kwenye kile kisiki, nikakipaka unga wote wa kikopo, nimeukoroga kwa spiriti kidogo ya karakana. Bi Chokaa amekipaka chokaa, haikushika. Sasa ameleta rangi ya basi na tina, na kila asubuhi anaagiza mkono mwingine wa rangi, nene zaidi.

Hajaniuliza. Na mimi maelezo sitoi.